Ukurasa wa Arobaini na Saba

Jumatatu, 5 Agosti 2013

Vitabu vimefika! Maboksi manane kutoka Accra, kwa basi la asubuhi. Bwana Lartey, mchapishaji, amenipigia simu mara tatu kuuliza kama yamelowana. Hayajalowana. Kumasi leo ni manyunyu tu.

Nimefungua kimoja nikakinusa. Huwa nakinusa kila kitabu changu kipya, ingawa neno "changu" ni la humu daftarini tu. Huko nje ni kitabu cha Nana Kwadwo Asabere, mtangazaji wa mpira, sauti iliyoingia kila nyumba ya nchi hii kwa miaka thelathini na minne. Mpira Uko Hewani: Maisha Yangu. Kwa Kitwi, lugha aliyotangazia. Jaladani amejifunga kitambaa chake cha kente, kipaza sauti mkononi. Jina langu halimo hata kwenye shukrani, na mkataba ndivyo unavyotaka. Hiki ni cha sita ninachomwandikia mtu kwa jina lake. Nimeshawahi kuwa mbunge, mchungaji, mwenye kiwanda cha sabuni, na jaji mara mbili. Safari hii nimekuwa mzee wa miaka themanini na mitatu.

Nilijiambia sitafungua ukurasa wa 47. Nimefungua ukurasa wa 47.

Upo. Hakuna aliyeuondoa. Sijui nilimtegemea nani auondoe — mimi ndiye niliyeuweka!

Umechapwa vizuri, herufi zimekolea. Ndio ukurasa mzuri kuliko zote kitabuni. Hilo nalijua, na ndilo linaloniuma.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempelekea Nana nakala zake kule Asenkrom. Macho yake yamezima tangu mwaka juzi, kwa hiyo alikipapasa kitabu kama mtu anayechagua papai.

"Wameweka picha ipi? Isiwe ile ya kipara."

"Ya kente, Nana."

"Nimependeza?"

"Umependeza mpaka unaudhi."

Akacheka mpaka akakohoa. Akataka nimhesabie kurasa. Akataka kujua kama ile mechi ya mvua imo yote. Imo yote. Aliniambia kikosi kizima cha siku ile, timu zote mbili, na waliokaa benchi, na rangi ya mwavuli wa refa wa akiba. Mechi ya mwaka 1967! Mtu huyu alitangaza maisha yake yote bila karatasi. Anachokisikia hakimtoki.

Anti Pinaman akaleta fufu na supu ya mbuzi. Ni dada yake wa ukoo, wazazi wao wametoka nyumba moja ya kina mama, na ndiye anayempikia tangu mkewe afariki. Miezi tisa nimekwenda pale kila Jumatano na mashine yangu ya kurekodi, na miezi tisa amenilisha. "Kula wewe. Mchapaji gani mbavu nje?" Anajua kazi yangu ni kumchapia Nana, basi. Amenijazia bakuli mara mbili. Nimekula.

Niandike hapa mara moja, niache kuzungukazunguka.

Novemba mwaka jana, pale pale barazani, Nana alikuwa ananisimulia ua wa bibi yake alipokulia. Akakatiza. Akasema, zima mashine. Nikazima. Ndipo akanisimulia habari za mtoto aliyenunuliwa soko la Salaga, huko kaskazini, akaletwa kwa miguu mpaka nyumba yao, akapewa jina, akawa mtoto wa nyumba. Mtoto huyo ndiye mama wa mama yake Anti Pinaman, naye Anti alirithi jina lake. Na Anti Pinaman mwenyewe alikuwa jikoni hatua ishirini kutoka tulipokaa, mchi unasikika! Nana akamaliza akasema: "Hili nimekupa ili unijue, si uliandike."

Hakuhitaji kuniambia. Mimi ni mtoto wa hapa. Kwetu mtu akishaingizwa nyumbani ni wa nyumbani, na kumtajia mtu alikotoka ni kosa la kupelekwa kwa chifu. Hata kuuliza ni kosa. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kufunga vifungo vya gauni.

Nikarudi nyumbani, nikaandika hata viatu sijavua. Na jina nikaliweka! Kitabu kilikuwa hakina roho — magoli, magoli, safari za ndege, magoli. Nikajidanganya kwamba nitakuja kuitoa habari hiyo baadaye.

Mwezi wa tatu tukafika kwenye kumsomea. Hiyo ni kanuni yangu: hakuna neno linalokwenda kuchapwa kabla mwenye maisha hajalisikia. Kwa wengine huwa nawapa wasome wenyewe. Kwa Nana nilisoma mimi, Jumatano tatu mfululizo, karatasi baada ya karatasi, naye ameinamisha kichwa upande kama anavyofanya akisikiliza. Nilipofika kwenye karatasi ile nikafunua mbili kwa pamoja. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nikaendelea na habari za redio ya mwalimu.

Mwishoni akaniuliza, "Umenisomea yote?"

"Yote, Nana."

Akaweka dole gumba.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimempigia Bwana Lartey. Nikauliza kama inawezekana kuzuia vitabu kidogo, kuna kosa. Akasema vimeshafika madukani mpaka Tamale, nataka avifuate avichane kwa meno? Kosa gani? Nikasema dogo tu. Akasema Sista Birago, kila kitabu kina kosa, kalale.

Dogo tu!

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekaa na kalamu tangu saa kumi alasiri, sasa ni saa kumi na mbili.

Uzinduzi ulikuwa leo. Ukumbi ulijaa. Wazee wa mpira wenye mikongojo, watu wa redio, kwaya, wachezaji wawili wa zamani ambao sasa hawawezi kupanda ngazi. Watu wa Asenkrom walikaa upande wa kushoto, safu tano, kimya chao cha ugenini. Nakala ya kwanza ikanadiwa kama kawaida yetu, mnadi akiwachokoza matajiri: "Mheshimiwa, umekuja na dereva na mlinzi, pochi umemwachia nani?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na meza ya vinywaji, ndiko wanakowekwa wachapaji.

Halafu akasimama Dakta Amoateng wa chuo kikuu kukihakiki kitabu. Akasema mengi ya kisomi. Kisha akavua miwani, akasema humu ndani kuna ukurasa mmoja uliomfanya aweke kitabu chini atoke nje akatembee kwanza.

Nikajua. Na kabla hofu haijanifika — niandike ukweli, hakuna anayesoma humu — ilinifika furaha. Kwa nusu dakika nilivimba kichwa pale kando ya soda.

Akausoma. Ninaunakili hapa niuone kwa mwandiko wangu:

"Alikuja kwa miguu kutoka Salaga, mtoto wa miaka saba hivi, chale tatu kila shavu. Siku ya kwanza hakulia. Wala ya pili. Alilia siku ya nne, alipopewa bakuli lake mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo alipoelewa kwamba hatarudishwa. Bibi mkubwa akamfungua kamba ya mkononi, akaitia chini ya chungu, na uji wa siku ile uliiva kwa moto wa kamba ile. Akamwambia, hiyo imekwisha. Sasa wewe ni wangu, na jina lako ni Pinaman."

Bakuli nililitunga mimi. Kamba chini ya chungu nimeitunga mimi. Nana alisema tu alinunuliwa, akapewa jina.

Safu tano za kushoto ziliacha kujipepea. Zote, kwa wakati mmoja. Dakta ni mtu wa pwani, hajui jina lile ni la nani Asenkrom. Upande wa kulia wakapiga makofi, watu wa redio wakasimama kabisa. Anti Pinaman alikuwa safu ya pili. Alikuwa ameshatoa leso anafuta machozi tangu kwenye bakuli. Lilipotajwa jina, leso ikabaki pale pale shavuni. Hakuishusha.

Nana kichwa ameinamisha upande. Hakutikisika.

Jumapili, 18 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.

Jumatano, 21 Agosti

Jumatano yangu ya Asenkrom. Sikwenda. Nimejitia mafua.

Agyeiwaa amenipigia, binti yake Anti Pinaman, mwalimu mkuu wa shule huko Obuasi. Nilimwona mara mbili tu. Mwanamke wa kunyooka, anazungumza kama anakusahihishia daftari. Kiti cha mama malkia wa Asenkrom kiko wazi tangu mwaka jana, na ukoo ulishakubaliana kwamba atakikalia yeye. Vinywaji vya kumpeleka mbele ya chifu vilikwisha nunuliwa. Mama malkia lazima awe mwanamke wa damu ya nyumba ile kupitia kwa mama, mama na mama. Sasa kuna tawi jingine la ukoo, la Bibi Dufie, ambalo lilikuwa na binti wao wakashindwa. Agyeiwaa anasema kina Dufie wametoa fotokopi ya ukurasa wa 47 na kuigawa mji mzima. Hawasemi kitu — kusema ni kosa! Wanamwekea mtu karatasi mkononi, wanamwambia soma hadithi nzuri aliyoiandika kaka yetu.

Akaniuliza: Sista Birago, wewe ndiye uliyekuwa naye. Hivi Nana aliyasema hayo kwa kinywa chake?

Nilisikia watoto wanaimba darasani nyuma yake.

Nikasema, "Mimi nilichapa tu, dada."

Akasema asante. Akasema asante!

Ijumaa, 23 Agosti

Leo nilikwenda. Nilipanga njiani: nitapiga magoti, nitasema, Nana, niliruka ukurasa. Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni mpaka nashuka kwenye gari.

Anti Pinaman hakuwepo barazani. Jikoni kimya, mchi umeegeshwa ukutani. Nana peke yake, redio imezimwa. Sijawahi kuiona redio ile imezimwa.

"Birago?"

Ananijua kwa kandambili zangu.

"Ndiyo, Nana."

"Kaa. Nina swali, na wewe ndiye mwenye mashine. Siku ile ya kisa cha nyumbani. Nilikwambia uzime, au sikukwambia?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Maana nimekula chumvi nyingi, binti yangu. Labda nilifikiri nimekwambia, kumbe niliwaza tu. Mtu akizeeka anawaza kwa nguvu akadhani amesema. Na siku ya kusomewa, labda nilisinzia ukapita ukurasa ule sikusikia. Nilisinzia?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kiasi cha kupita ng'ombe. Nilichotakiwa kusema ni hapana.

Nikasema, "Labda ulichoka kidogo, Nana. Jua lilikuwa kali."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Akasema, "Ehe. Jua lilikuwa kali."

Akasema Jumatatu ya tarehe mbili ameitwa mbele ya chifu. Akasema haya, nenda kabla mvua haijashika.

Nimeandika mengi ya watu humu duniani. Sijawahi kuandika mtu mwovu kama mimi nilivyokuwa leo saa nane na nusu mchana. Nimemwambia mzee kipofu kwamba amepoteza akili, ili mimi nisipate aibu. Na nilimwambia kwa upole!

Jumapili, 25 Agosti

Kanisani. Mchungaji alisema tugeukiane tusalimiane, aliye jirani yangu akanishika mikono miwili, akasema una mikono baridi, unaumwa? Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 29 Agosti

Anti Pinaman amekuja kwangu! Hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu. Saa tano asubuhi nasikia hodi, kumbe ni yeye mlangoni, chungu kimefungwa kwa kitambaa. Supu ya mbuzi. Jumatano mbili hukuonekana mezani kwangu, anasema, nikajua mtoto huyu mgonjwa. Hakuna anayekupikia?

Nikamkaribisha. Akaangalia vitabu ukutani, akauliza vyote nimesoma? Nikasema vingine. Hakujua kwamba sita kati ya hivyo ni mimi.

Akakaa. Akanitazama nikila. Ndipo akaanza, taratibu, kama anayezungumzia mtu mwingine:

"Unajua nilikuwa sijui?"

Nikaweka kijiko chini.

"Kula, kitapoa. Sikujua, Birago. Nina miaka sabini na mmoja. Mama yangu alijua, alikufa nalo. Nana alijua, akakaa nalo. Mimi nimelisikia ukumbini kwa mtu wa pwani mwenye miwani. Na nilikuwa nalia! Nilikuwa nasema maskini mtoto huyu, hana mama, hana baba, amepewa bakuli. Nikasema moyoni, ningekuwepo ningembeba. Halafu akalitaja jina langu."

Akacheka kidogo. Kicheko kikavu.

"Bibi yangu alikuwa na mistari mashavuni. Nilikuwa naishika nikiwa mdogo, naipanda kwa kidole kama ngazi. Aliniambia paka alimkwaruza. Nilimchukia kila paka wa mji ule."

Nikashika kijiko tena.

Akanieleza ya Jumatatu. Mbele ya chifu hakuna atakayeuliza kama habari ile ni ya kweli, maana kuuliza ni marufuku. Swali ni moja tu: maneno haya yametoka kinywani mwako? Nana akisema ndiyo, yeye ndiye mkubwa wa ukoo kuliko wote walio hai, na ushahidi wake hauna wa kuuvunja. Atachinja kondoo, ataomba radhi, naye Agyeiwaa hatakalia kiti, yeye wala binti yake wala mjukuu wake. Akisema hapana, ukurasa ule hauna mwenyewe. Utachomwa, na kina Dufie ndio watakaotozwa kondoo kwa kusambaza.

Nikauliza, na Nana atasema nini?

"Atasema ndiyo. Ameniambia uso kwa uso. Anasema kitabu kina picha yake na dole gumba lake, na sauti yake haijawahi kukana ilichokitangaza. Hata lile goli la mkono alilokosea mwaka ule, hakulikana." Akakung'uta kitambaa chake. "Nimemsamehe. Mzee yule kichwa kimeanza kumtoka. Anasema alisinzia."

Niseme nini tena humu? Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, umbali wa mkono. Nilijikausha. Nilipomaliza supu akanisifu, akaosha bakuli mwenyewe.

Mlangoni akageuka. "Ile ya bakuli," akasema. "Kwamba alilia siku ya nne. Nana hakuwahi kunihadithia hivyo. Naishukuru ile, hata hivyo. Ninaiwaza usiku na mchana."

Bakuli langu! La kutunga!

Jumamosi, 31 Agosti

Bwana Lartey amepiga simu, anacheka. Vitabu vimekwisha, anachapa tena. "Chifu ametusaidia, Sista! Tangazo la bure!" Nikasema nataka kusema ukweli mbele ya baraza. Akaacha kucheka. Akanikumbusha mkataba: siku nitakapofungua mdomo kwamba Nana hakuandika, hakuna mheshimiwa hata mmoja nchi hii atakayenipa maisha yake niandike. Kisha kwa upole: na mzee mwenyewe je? Watu wanajivunia kwamba kipofu ameandika kitabu. Unataka kumvua hilo akiwa na themanini na mitatu?

Anajua pa kubonyeza.

Nimejaribu kuandika barua ya kukiri nimpelekee chifu mapema. Nimeanza mara nne. Kila mara "mimi" niliyoiweka mwanzoni inageuka ya mtu mwingine. Ya tatu ilisikika kama jaji kabisa. Nimeandika "mimi" za watu sita, ya kwangu haitoki.

Jumatatu, 2 Septemba

Naandikia magotini, ua wa chifu, Asenkrom. Saa tano kasoro. Nina dakika chache.

Nilikuja mwenyewe. Hakuna aliyeniita. Nimekaa nyuma, upande wa wanawake. Chifu yuko juu chini ya mwavuli, wazee pande mbili, msemaji wake amesimama na fimbo ya kichwa cha dhahabu. Kina Dufie wamekuja wengi, wameshika fotokopi zao kama wanaokwenda msibani na nyimbo. Agyeiwaa amekaa wima, hatazami mtu. Mama yake kando yake. Nana katikati kwenye kigoda, kitambaa kimeshushwa begani kwa heshima, mifupa ya bega inaonekana.

Msemaji akamuuliza: kitabu ni chako? Nana akasema ni changu. Ile sauti! Ua mzima ulitulia, hata kuku.

Akamuuliza: maneno ya ukurasa wa arobaini na saba yametoka kinywani mwako?

Mwili wangu ulisimama nusu, ukakaa tena. Nauandika hivyo kwa sababu mimi sikuuamuru lolote.

Nana akasema: "Naomba baraza linisaidie. Mimi sioni. Mtu hawezi kukubali wala kukataa asichokisikia vizuri. Ukumbini palikuwa na makofi. Naomba nisomewe."

Zogo! Bibi Dufie mwenyewe akaruka: asomewe, asomewe, afadhali! Mzee mmoja akasema haiwezekani, kuisoma kwa sauti hapa ni kulitenda kosa upya mbele ya chifu, nani atakayekubali kondoo wake achinjwe? Hakuna aliyeinua mkono. Hata kina Dufie waliufyata.

Nana akangoja watulie, kama alivyokuwa akingoja uwanja utulie kabla ya penalti. Kisha akasema:

"Yuko binti hapa. Nimemsikia anaingia, nazijua kandambili zake. Yeye ndiye aliyenisomea kitabu hiki mara ya kwanza, mwezi wa tatu, pale barazani kwangu. Nilisikiliza kila neno, sikusinzia. Naomba anisomee tena. Aanzie ukurasa wa arobaini na sita, uani kwa bibi. Asome vilevile alivyonisomea siku ile. Asiongeze, asipunguze."

Sikusinzia, alisema. Mbele ya watu wote.

Alijua! Alijua ukumbini, alijua Ijumaa ile nilipomwambia jua lilikuwa kali. Aliniuliza kama alisinzia ili anisikie nitajibu nini, na nilimjibu. Na bado alimwambia Anti Pinaman kwamba alisinzia, akabeba na hilo juu ya mengine.

Wazee wameinuka wametoka. Wamekwenda kumuuliza bibi kizee, ndivyo tunavyosema baraza likienda faragha kushauriana, ingawa nyuma ya ukuta ule hakuna bibi wala kizee. Wanaamua kama mwanamke asiye wa nyumba hii aruhusiwe kusoma. Nasikia wanabishana. Wataruhusu. Hakuna mwingine.

Kitabu kiko magotini chini ya daftari hili. Wazee wana fotokopi, watanifuata neno kwa neno. Nikisoma nilivyosoma siku ile, Nana ataweza kusema hapana, lakini kila mtu humu ataelewa nilichofanya, na kitabu cha Nana kina mkono wa nani. Nikisoma na ukurasa ule, nitakuwa nimelitamka jina lile mimi, kwa kinywa changu, mbele ya mwenyewe.

Anti Pinaman ameinuka kwenye kiti chake. Nilidhani anatoka. Amevuka ua, amekuja kukaa kando yangu kwenye benchi la wanawake. Ananukia tangawizi na moshi. Ameniangalia viatu. Ananiangalia ninavyoandika, hana haraka. Naogopa kwamba anaisoma hii.

Nimejaribu kwa midomo tu, bila sauti, mwisho wa 46 na mwanzo wa 48. "Tulikuwa watoto kumi na mmoja katika ua ule, na wote tulikuwa wa bibi. Jumapili tulikwenda kwa mwalimu kusikiliza redio."

Inaungana. Hakuna pengo kabisa. Kitabu hakikuuhitaji.

Wanarudi. Msemaji anatazama upande wa wanawake. Anti Pinaman ameniwekea mkono mgongoni, sijui ni wa kunisukuma au wa kunishika, na anauliza kwa sauti ndogo —